Bugatti iliyokaa ziwani miaka 73: kwa nini kuikarabati kungekuwa hasara

Tarehe 23 Januari 2010, kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Rétromobile jijini Paris, kampuni ya mnada ya Bonhams ilinadi kitu ambacho fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, angekiita skrepa. Lilikuwa gari dogo la michezo, Bugatti Type 22 Brescia la mwaka 1925, chasisi namba 2461. Ubavu mmoja ulikuwa umeliwa na kutu hadi ukaonyesha mbavu. Makadirio ya kabla ya mnada yalikuwa kati ya euro 70,000 na 90,000. Nyundo ilipogonga na ada kujumlishwa, bei ilifika euro 260,500.

Aliyenunua ni Peter Mullin, tajiri wa biashara ya bima kutoka California, mpenzi mkubwa wa magari ya Kifaransa ya kabla ya Vita vya Pili. Alikuwa na fedha ya kulijenga upya hadi ling'ae, na mafundi wa kazi hiyo aliwajua. Hakufanya hivyo. Alilipeleka kwenye makumbusho yake ya Oxnard, akaliwekea taa, akaliacha na kutu yake.

Kwa kawaida gari lililozama likifika gereji, mabishano huwa kati ya moyo wa mwenye gari na kalkuleta ya fundi. Kisa hiki ni tofauti. Hapa moyo na kalkuleta vilisema neno moja, na bado watu wanaendelea kubishana.

Lilivyofika chini

Ziwa Maggiore liko kwenye mpaka wa Italia na Uswisi. Ni refu, jembamba, na lina kina kinachofika mita 372. Ascona ni mji mdogo wa upande wa Uswisi, na ndipo Bugatti hii ilipotupwa mwaka 1936.

Simulizi inayokubalika zaidi ni ya ushuru. Gari lilitoka Ufaransa likaingia Uswisi bila kulipiwa kodi. Inasemekana alikuwa nalo msanifu majengo aliyeishi Ascona miaka ile, naye akahama na kuliacha nyuma. Maofisa wa forodha walipolifuatilia wakakuta deni linazidi thamani ya gari lenyewe, na sheria ikawataka kuliharibu. Njia rahisi ilikuwa kulisukuma ziwani. Walilifunga mnyororo ili siku ikitokea haja livutwe tena. Haja haikutokea. Mnyororo ukaliwa na kutu, ukakatika, na gari likashuka hadi mita 53.

(Msomaji aliyewahi kukomboa gari bandarini Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi jinsi ushuru unavyoweza kulizidi gari.)

Ipo na simulizi ya pili, yenye chumvi zaidi: kwamba dereva wa mashindano René Dreyfus ndiye aliyekuwa na gari hili, akalipoteza kwenye mchezo wa karata Paris mwaka 1934. Makumbusho ya Mullin ilipenda kuisimulia. Mimi naiweka pembeni, lakini nitairudia, kwa sababu kwenye mnada simulizi ina bei yake.

Tarehe 18 Agosti 1967 mzamiaji mmoja alilikuta. Kuanzia hapo likawa kama ziara ya wazamiaji wa eneo hilo, ingawa mita 53 ni kina kinachopita kikomo cha mita 40 ambacho wazamiaji wa burudani hufundishwa wasikivuke. Lingeweza kubaki hivyo hadi leo. Kilichobadilisha mambo ni msiba. Mwezi Februari 2008 kijana wa miaka 22 alipigwa hadi kufa na vijana wenzake wakati wa sherehe za kanivali mjini Locarno, jirani na Ascona. Alikuwa mwanachama wa klabu ya wazamiaji. Wenzake wa klabu wakaamua kulitoa gari ziwani, liuzwe, na fedha ziende kwenye mfuko ulioanzishwa kwa jina lake kupambana na ukatili miongoni mwa vijana. Baada ya miezi ya maandalizi na kufukua tope, tarehe 12 Julai 2009 kreni ililinyanyua likatoka majini mbele ya umati.

Hilo tulikumbuke tukirudi kwenye bei. Sehemu ya zile euro 260,500 ilikuwa mkono wa pole.

Kazi ya maji

Gari lilikuwa limelala ubavu. Nusu yake ilizama kwenye tope, nusu ikabaki kwenye maji wazi. Lilipotolewa, upande uliofunikwa na tope ulikuwa katika hali nzuri zaidi kwa mbali. Mtu wa kawaida hutarajia kinyume, akidhani tope ndilo linalooza.

Chuma hakiliwi na maji peke yake. Kinaliwa na maji yakishirikiana na oksijeni. Ndani ya tope zito oksijeni ni haba, wadudu wadogo wanaimaliza, na chuma kinakaa kama kilichofungwa ndani ya kopo. Upande wa juu ulikuwa unapata maji mapya yenye hewa kila siku, miaka 73. Maji ya Maggiore pia ni baridi mwaka mzima huko chini, na baridi hupunguza kasi ya kutu. Kubwa kuliko yote, si maji ya chumvi. Gari hilohilo lingezama Kilindini, leo tungekuwa tunazungumzia bonge la kutu na matumbawe.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana kwa macho. Injini ya Brescia ina silinda nne zenye valvu nne kila moja, jambo la kujivunia kwa miaka ile. Bloku ya silinda ni chuma cha kusubu, lakini kasha la chini linaloshika kranki ni alumini. Weka alumini na chuma ndani ya maji vikiwa vimegusana, umetengeneza betri. Alumini ndiyo inayojitoa mhanga. Inaliwa na kugeuka unga mweupe ili chuma kipone. Kwa hiyo hata kipande kinachoonekana kizima ukikigonga unaweza kukuta hakina nguvu ya kubeba bolti. Na mbao: kwa desturi ya wakati ule bodi ilijengwa juu ya fremu ya mbao. Mbao iliyoshiba maji miongo mingi ikikaushwa haraka hunyauka na kupasuka, kwa sababu ni maji tu yaliyokuwa yameshikilia umbo lake.

Hili watu wa pwani tuna mfano wake. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Wanaakiolojia waliichimba kuanzia 1977 hadi 1980, wakatoa vyombo, mizinga na mali nyingine, vingi vikahifadhiwa kwenye makumbusho ya ngome. Mwili wa merikebu waliuacha chini. Kuutoa ni jambo moja; kuugharimia usioze baada ya kuutoa ni jambo jingine kabisa. Wasweden walipoiinua merikebu yao Vasa mwaka 1961, waliinyunyizia dawa miaka 17 kabla ya kuiachia ikauke.

Ndiyo maana siku ya hatari zaidi kwa Bugatti hii haikuwa ile ya kusukumwa ziwani mwaka 1936. Ilikuwa Julai 2009, lilipokutana na hewa likiwa limelowa.

Hesabu ya gereji

Wakati wa mnada wataalamu walikadiria kuwa takriban asilimia 20 ya sehemu za gari ndizo zingeweza kutumika katika ukarabati. Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Wanaosema "lingetengenezwa" huwa hawaitafakari.

Tuseme umelinunua na unataka litembee. Unaanza na chasisi. Sehemu iliyokuwa kwenye tope huenda ikanyooshwa na kuchomelewa, iliyobaki inatengenezwa mpya. Injini unahitaji kasha jipya, pistoni, kranki, valvu, magneto, kabureta. Gia boksi vilevile. Ekseli, springi, breki. Redieta. Rimu za spoku. Bodi yote, na mbao zake zote. Haya yote yanawezekana. Brescia ni mfano uliouzwa vizuri. Za familia hiyo zilitengenezwa takriban 2,000 kwenye kiwanda cha Bugatti cha Molsheim, na hadi leo wapo mafundi Ulaya wanaotengeneza spea zake mpya kwa michoro ya zamani. Hakuna muujiza unaohitajika. Unahitaji fedha na miaka kadhaa.

Mwisho wa kazi una nini? Una Brescia moja zaidi. Itakuwa nzuri, itanguruma, itapanda vilima. Lakini asilimia 80 yake ina umri wa kuku wa mwaka jana, na kila mtaalamu atakayeinama chini ya boneti atajua. Kwa euro 260,500 za mwaka 2010, mtu mwenye subira angeweza kupata Brescia inayowaka na kutembea, yenye vyuma vyake vya asili, bila kushika spana. Kwa hiyo aliyelikarabati la ziwani angekuwa amelipa mara mbili: kwanza bei ya gari zima kwa kununua gofu, kisha gharama ya gari jingine kwa kulijenga. Halafu angeliuza kwa bei ya chini ya Brescia ya kawaida, kwa kuwa la kwake lina vyuma vipya kupita kiasi.

Alichonunua Mullin kwa zile fedha hakikuwa Brescia. Brescia zipo. Alinunua kuzama kwenyewe: mnyororo, forodha, miaka 73, kijana wa Locarno, na ule mchezo wa karata ambao huenda haukutokea. Vyote hivyo vimeandikwa kwenye kutu. Ukipiga msasa na rangi ya buluu mpya, umefuta kitu pekee kwenye gari lile ambacho hakipatikani dukani.

Jina kwenye ubao

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Kwenye ulimwengu wa Bugatti namba ya chasisi ndiyo roho. Bamba la 2461 ni halali, na lilikutwa pia bamba la shaba lenye jina na anwani ya mmiliki wa Paris. Kuna Bugatti nyingi zinazosifiwa leo ambazo zimepitia kubadilishwa injini, bodi, hata chasisi, na hakuna anayezinyima jina. Kwa nini hii inyimwe? Na gari, watasema, liliumbwa litembee.

Nikiwaza jambo hili huwa naliona jahazi. Jahazi la Lamu hubadilishwa ubao mmoja mwaka huu, mwingine mwakani. Baada ya miaka arobaini huenda mkuku tu ndio uliobaki wa mwanzo, pengine hata huo ulishabadilishwa, na hakuna mtu wa Lamu atakayesema si jahazi lile. Ni lile kwa sababu halikuacha kuwa kazini. Kila ubao mpya ulipigiliwa kwenye ubao wa jana, nahodha akiwepo, mzigo ukisubiri. Sasa chukua jahazi lililozama miaka sabini. Ng'oa ubao wenye jina, weka pamoja na mataruma matano yaliyopona, kisha jenga chombo kipya kukizunguka. Si wizi, na si uongo ukisema ukweli wakati wa kuuza. Ila usiniambie ni jahazi la babu yako.

Bugatti zile nyingine zilizobadilishwa vyuma ni za aina ya kwanza. Ya Maggiore ingekuwa ya aina ya pili. Maisha yake kama gari yaliishia 1936, likiwa na miaka kumi na moja tu. Sehemu kubwa ya historia yake ni ya kitu kilicho chini ya maji.

Mullin mwenyewe alikuwa ameshaonyesha mwelekeo wake kabla ya mnada. Mwaka 2008 alinunua kundi la magari kutoka kwenye hazina ya familia ya Schlumpf, wakusanyaji wakubwa wa Bugatti, mengi yakiwa hayajaguswa miaka mingi, na baadhi aliyaonyesha yakiwa na vumbi na kutu zake. Alikuwa pia na chasisi ya Bugatti Type 64 isiyo na bodi. Baadaye alitengenezesha bodi mpya, kisha badala ya kuifunga akaitundika juu ya chasisi, ili kila mtu aone kipi ni cha 1939 na kipi ni cha leo. Wapo waliocheka. Kwangu mimi huyo ni mtu anayejua alichonunua.

Na "kuacha lilivyo" si bure, ingawa maneno yanadanganya. Gofu la namna hii linahitaji hewa kavu, joto lisilopanda na kushuka, na mtu wa kulikagua maisha yote. Ukikarabati, gharama ni kubwa mara moja. Ukihifadhi, gharama ni ndogo lakini haina siku ya mwisho.

Jibu linapogeuka

Nisieleweke kwamba gari lililozama lisiguswe. Badilisha vitu viwili tu kwenye kisa, jibu linageuka.

Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kilipiga Florida, na picha za McLaren P1 ya njano, gari la kasi kubwa linalotumia petroli pamoja na umeme, iliyosombwa kutoka gereji ya nyumba huko Naples zikazunguka dunia nzima. Zilitengenezwa P1 375 tu. Mwaka uliofuata mtengeneza video wa YouTube ajulikanaye kama Tavarish aliinunua mnadani kwa dola 575,000, akaanza kuijenga upya hadharani. Hapa kujenga upya kuna mantiki. P1 iliyo salama huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1. Chasisi yake ya nyuzi za kaboni haishiki kutu. Gari lilikaa majini kwa muda mfupi, si miaka, na sehemu kubwa ya uzito wake bado ni ya kiwandani. Kuzama hakukuongeza thamani yake hata senti, kulipunguza tu. Basi ondoa alama ya maji kadiri unavyoweza.

Mahali pa kuogopa kwenye P1 ni umeme. Mwezi Oktoba 2012, baada ya kimbunga Sandy, magari 16 ya Fisker Karma, nayo ya petroli na umeme, yaliungua kwenye bandari ya Newark, New Jersey. Kampuni ilieleza kuwa chumvi ilikuwa imekula kifaa kimoja cha udhibiti kinachotumia umeme wa volti 12, kikapiga shoti, na upepo ukaeneza moto. Si betri kubwa iliyoanza, ni kifaa kidogo. Maji ya chumvi hufanya kazi yake hasa baada ya kuondoka.

Kwa sisi tunaonunua mitumba, hatari iko kwenye magari ya katikati: si ya makumbusho wala si ya YouTube. Mvua ya Aprili 2024 katika Falme za Kiarabu ilizamisha magari kwa wingi, na wafanyabiashara wetu wananunua magari na spea Dubai. Gari la namna hiyo likisafishwa vizuri linapendeza kuliko jirani yake. Inua zulia hadi chini, angalia reli za viti na bolti zake, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho uone kama una mstari wa tope, chomoa soketi moja chini ya dashibodi utafute unga wa kijani. Ukiuona huo unga, shusha bei au ondoka. Gari la kazi lililozama hadi dashibodi kwa kawaida halilipi kulifufua, kwa sababu waya zake zitaendelea kukusumbua miaka mitatu, na hakuna atakayekulipa hata shilingi kwa hadithi ya mafuriko yake.

Kuhusu Bugatti, Mullin alifariki Septemba 2023, na Februari 2024 makumbusho yake ya Oxnard ikafungwa. Mkusanyiko ukaanza kugawanyika: baadhi ya magari yakaenda makumbusho ya Petersen huko Los Angeles, mengine yakapelekwa mnadani. Bamba la 2461 bado ni halali, mafundi wa Brescia bado wapo, na hakuna sheria inayomzuia mmiliki yeyote kuagiza chasisi mpya na kopo la rangi ya buluu.